Siku ya Tatu Mpe Jembe: Kutwa Moja Kutoka Embu Hadi Maua

Mimi ni mtu wa Mombasa, na baridi ninayoijua ni ile ya upepo wa kusi mwezi wa Julai. Alfajiri ya Embu ikanipokea kwa kunishika masikio. Ilikuwa Novemba, saa kumi na mbili kasorobo, umande umelala juu ya mabati ya vibanda na mijakaranda imemwaga maua yake ya zambarau njia nzima. Moshi wa kuni ulikuwa ukipanda kutoka majiko ya uani, umechanganyika na harufu ya mandazi na ya udongo ulionyeshewa usiku kucha. Mlinzi wa duka moja, aliyejifunika koti refu na kofia ya sufu, aliniona nikitazama huku na huko akanielekeza kwa kidole. "Tazama sasa hivi, mzee. Ikifika saa mbili utakuwa umejificha." Nikageukia kaskazini magharibi. Kati ya mawingu mawili ulisimama Mlima Kenya, vilele vyake vyeusi vimechongoka kama meno, kile kirefu zaidi, Batian, kikiwa na meta 5,199. Nilisimama pale mpaka wingu likaufunika, na mlinzi akacheka kwa furaha ya mtu aliyemwonyesha mgeni kitu cha kwao.

Safari hii ilikuwa na sababu. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai 1 mwaka huohuo shirika lake la USAID likafungwa. Tangu hapo kila baraza ninaloketi Mombasa hugeuka kama matanga: tutakuwaje, nani atanunua dawa, nani atachimba visima? Nikaona niende mahali ambapo wageni wa misaada wameingia na kutoka kwa miaka mia moja, nikaone kilichosalia nyuma yao. Waswahili tulishausiwa zamani: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nilitaka kujua kama wageni wale walipewa jembe, na walipoondoka ni nani aliyelishika.

Jibu la kwanza nililipata nikiwa bado na kikombe mkononi. Niliingia hoteli ndogo karibu na steji, meza zimefunikwa plastiki ya maua, na mama mwenye hoteli akanivutia kiti karibu na jiko. Akaniletea chai ya maziwa iliyokolea hadi ikawa na rangi ya kahawia, pamoja na sahani ya nduma. Sisi pwani tunaijua nduma, lakini hii ya kando ya mito ya Embu ni habari nyingine: imekatwa vipande vinene, rangi yake kama ya majivu yenye zambarau, ukiibana kwa vidole inaachana taratibu, na utamu wake unakuja nyuma, baada ya kumeza. Kando yake aliweka kipande cha gikwa, kiazi kikuu cheupe ambacho huku ni chakula cha heshima. Nikauliza maji ya chai yanatoka wapi. "Rupingazi," akajibu, akimaanisha mto unaoshuka mlimani na kupita kando ya mji. Kisha akaongeza, bila kuulizwa: "Wajapani walitusaidia kujenga mitambo, lakini bili ni yangu. Nisipolipa, wanakata."

Aliyasema hayo kwa fahari. Serikali ya Japani ilitoa fedha za kupanua maji ya mji wa Embu na vitongoji vyake. Leo kampuni ya maji ya mji ndiyo inayosafisha, inayosambaza na inayotuma bili. Mama yule hahesabu maji yake kuwa sadaka. Anayahesabu pamoja na sukari na majani ya chai, na ndiyo maana bomba likivuja mbele ya mlango wake anapiga simu.

Jua lilipotoka nikaingia sokoni. Soko la Embu linakutanisha dunia mbili. Kutoka juu, upande wa mlima, huja kabeji, maparachichi, ndizi za kupika na njugu za makadamia zenye ganda gumu kama jiwe. Kutoka chini, Mbeere kwenye joto, huja mtama, uwele, kunde, na ile nafaka ya kijani ambayo wao huiita ndengu na sisi pojo. Kila kitu hupimwa kwa gorogoro, kopo la bati la kilo mbili, na nikalipenda neno hilo tangu nilipolisikia kwa sababu linatoa sauti ileile ya nafaka ikimiminika ndani yake. Shosho mmoja alinijazia gorogoro ya ndengu mpaka ikafanya kilima, akapiga kopo kwa kiganja ili zishuke, akajaza tena. Nilipomwambia imetosha alinitazama kana kwamba nimemkosea. "Umetoka Mombasa na utarudi na gorogoro nusu?"

Palepale pembeni, mafungu ya muguka yalikuwa yakifungwa na kupakiwa magarini kwa haraka ya watu wanaoshindana na jua. Majani hayo ya Mbeere yamejenga nyumba na kulipa karo, na kwetu pwani yamezua ugomvi mkubwa kwa ajili ya vijana wanaoyatafuna kutwa. Nakiri kwamba nilikuja na hukumu yangu mkononi. Kisha nikaiona ardhi yenyewe inayoyaotesha, kavu na yenye mawe, na nikaelewa kwa nini mkulima wa Mbeere haachi zao lisilomwangusha mvua zikikosa. Kutoka kilimani, kukiwa kweupe, unaona nyanda hizo zikishuka hadi mabwawa ya Mto Tana: Kindaruma la 1968, Kamburu la 1974, Gitaru la 1978, Masinga la 1981, Kiambere la 1988. Miaka mingi umeme wa mabwawa hayo uliwaka Nairobi na Mombasa huku vijiji vingi vya jirani vikiwasha koroboi. Maendeleo yakipita juu ya kichwa cha mtu kwa waya, hayajamfikia.

Matatu ya kuelekea Chuka ilikuwa "ya kujaa na kuenda", maneno ambayo konda aliyarudia kwa saa nzima. Wawili wa mwisho walikuja, kisha wakaja wawili wengine wa mwisho. Kuku wawili waliofungwa miguu walilala juu ya viatu vyangu. Hakuna aliyenuna. Mwalimu mmoja aliyestaafu alinifundisha jina la kila mto tutakaouvuka, na alipomaliza akanifanyia mtihani.

Tulipoondoka, barabara ikaanza kupanda na kushuka kama mtu anayetembea juu ya vidole vya mkono. Kila kidole ni tuta, na kati ya vidole viwili pana mto unaotoka mlimani, maji baridi, mawe yamemea ukoka. Mvua za vuli zilikuwa zimeshika. Upande huu wa mlima mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa, na kila kitu kilikuwa kijani cha kuumiza macho: migomba, kahawa, mahindi mabichi, mibono kwenye mipaka. Udongo ni mwekundu kama matofali yaliyovunjwa, na unapanda nawe popote uendapo. Nilipofika Runyenjes viatu vyangu vilikuwa vimebadilika rangi, na bado vina alama ile hadi leo.

Karibu na Runyenjes, mbele ya kilima cha Kirimiri chenye msitu wake kama nywele zisizochanwa, nilishuka kwa ajili ya harufu. Ilikuwa harufu tamu yenye uchachu, kama ya togwa iliyoanza kukaa. Ni kiwanda cha kahawa, msimu wa mavuno. Wakulima walikuwa wamepanga foleni na magunia ya matunda mekundu, wanayamwaga juu ya turubai na kuchagua mabichi kwa mkono, vidole vinakimbia kuliko maneno. Chini yake mashine inamenya, na buni nyeupe zinateleza katika mifereji ya maji kuelekea vitanda vya kukaushia. Walinipa tunda moja ninyonye. Nyama yake ni nyembamba na tamu kama asali iliyochanganywa na maji. Maisha yangu yote nimekunywa kahawa chungu ya buli kibarazani, na sikuwa nimejua kwamba uchungu ule ulianza na sukari.

Kahawa hii ina historia ambayo watu wa hapa hawajaisahau. Wakoloni waliwazuia Waafrika kuipanda, na walipolegeza katikati ya miaka ya 1930, Embu, Meru na Kisii ndizo zilizoruhusiwa kwanza. Mzee mmoja pale foleni alinieleza kwamba babu yake alipanda miche yake huku akikaguliwa kama mwizi. Msimu wa 1987/88 Kenya ilivuna karibu tani 130,000. Leo haivuni hata nusu yake. Vietnam, iliyotoka vitani mwaka 1975 ikiwa magofu, leo ni ya pili duniani kwa kahawa nyuma ya Brazil. Mzee yule alijua habari hizo, na hakuzitaja kwa uchungu. "Udongo wao haushindi wetu," alisema akikung'uta gunia. "Wao mkulima wao alilipwa akaongeza mti. Mimi nilicheleweshewa malipo nikaung'oa."

Juu ya kiwanda, mteremko wote ulikuwa umekatwa ngazi, na nikaambiwa jina la ngazi zile: fanya juu. Nilifurahi kama niliyekutana na ndugu ugenini, kwa kuwa maneno hayo mawili yameingia katika vitabu vya wataalamu wa udongo duniani kote, nao huyaandika vivyo hivyo kwa Kiswahili. Mkulima huchimba mtaro kukingama mteremko, na udongo wake hautupi chini, anaurusha juu ya mtaro. Juu ya tuta hupanda majani ya nepia ya kulishia ng'ombe. Mvua ikija, udongo unaoteleza hukwama kwenye tuta, na mwaka baada ya mwaka mteremko hujilaza wenyewe kuwa ngazi. Kuanzia 1974 Sweden, kupitia shirika lake la SIDA, iligharimia mpango wa kitaifa wa kuhifadhi udongo uliosambaza kazi hii. Waswidi walilipia mafunzo na vifaa, na migongo iliyoinama ni ya wanawake na wanaume wa vijiji hivi. Mradi ulikwisha zamani, lakini matuta yapo, na asubuhi ile niliona kijana mwenye jembe akitengeneza moja lililobomolewa na mvua ya usiku. Umri wake ulionyesha kwamba alizaliwa baada ya Waswidi kuondoka.

Siyo kila mgeni alibakiza tuta. Kando ya njia niliona bango la mradi lililoota kutu hadi jina la mfadhili halisomeki, na nyuma yake pampu isiyo na mpini. Wenyeji walinieleza bila kinyongo: ililetwa ikiwa imekamilika, ikazinduliwa, ikaharibika, na hakuna aliyejua pa kununua kipuri. Tofauti na hiyo, walinitajia kwa jina mradi wa mabonde ya juu ya Tana, ulioanza 2012 kwa fedha za Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo na ofisi yake hapa Embu. Huo ulifanya kazi na vyama vya watumiaji maji, vya watu wanaokunywa mto mmoja na wanaoketi pamoja kuamua nani afungulie mfereji siku gani. Kundi lililotaka fedha lilitakiwa nalo litie chake. Aliyetia chake huuliza hesabu, na mahali penye watu wanaouliza hesabu pampu haikosi mpini.

Nikapanda matatu nyingine, tukavuka Mto Thuci, nikalikumbuka jina alilonifundisha mwalimu, tukawa Tharaka-Nithi. Chuka ilitupokea na jua la saa sita na muziki kutoka kila duka, mji mchangamfu wa wanafunzi wa chuo kikuu na watu ambao ngoma zao ndefu zinajulikana Kenya nzima. Baada ya Chuka gari lilipunguza mwendo na mazungumzo yakafifia. Tulikuwa tunashuka kuelekea daraja la Mto Nithi, mteremko mkali wenye kona, ambao umeua wengi. Mama aliyekuwa mbele yangu alifumba macho akasogeza midomo. Tulipoanza kupanda ng'ambo ya pili, mtu mmoja akauliza bei ya vitunguu Chuka na gari zima likajibu kwa pamoja.

Kutoka vilima hivi ukitazama kulia unaona nyanda za Tharaka zikitetemeka kwa joto, mbuyu mmoja mmoja, punda wakibeba madumu ya maji. Mlima ule ule unanyesha huku na kuwanyima wa kule. Lakini hata kule kuna habari njema: wakulima wa mradi wa maji wa Ng'uuru Gakirwe, uliosaidiwa na Waitaliano, waliona kwamba mfereji unahitaji fedha za kuutunza, na mwaka 1991 wakaanzisha Meru Herbs. Wanapanda rosela na mimea ya chai, wanatengeneza jamu, wanauza Italia na Japani. Faida inarudi kwenye maji. Mfereji umejizalia mlezi.

Chogoria iko kilomita chache kutoka barabara kuu, na boda iliyonipeleka ilipita katikati ya chai, vichaka vimekatwa usawa hadi ungetamani kuvilalia. Hewa ikapoa ghafla. Hospitali ya Chogoria iliasisiwa mwaka 1922 na Misheni ya Kanisa la Scotland, chini ya daktari Archibald Irvine, wakati njia ya kufika hapa ilikuwa ya miguu. Leo ni ya Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, na wauguzi niliowaona wakipishana uani, makoti ya sufu juu ya sare zao, walikuwa wakizungumza Kimeru na Kiswahili. Yule Mskoti hakupewa jembe siku ya tatu tu. Alilishika maisha yake yote, na watoto wa aliowatibu wakawa wauguzi, wakawa madaktari, wakawa bodi. Wakati mabaraza yetu ya pwani yanauliza tutakuwaje wafadhili wakiondoka, hapa pana kizazi cha nne cha jibu.

Nilikula mchana katika hoteli iliyo mkabala na geti, pamoja na jamaa za wagonjwa. Waliniletea mukimo wa hapa, ambao hupondwa kwa ndizi mbichi pamoja na maharagwe na majani ya maboga, ukatoka mzito na wa kijani, na juu yake mchuzi wa nyama. Mzee mmoja aliyekuwa akimsubiri mkewe alisogeza bakuli lake la parachichi katikati ya meza ili sote tule. Hatukuwa tumejuana hata dakika kumi. Alipoitwa aingie wodini, meza nzima ilimsindikiza kwa macho mpaka akapotea mlangoni.

Kabla ya kuondoka nilisimama na wachuma chai waliokuwa wakipima majani. Mwaka 1964 serikali iliunda shirika la chai, KTDA, kwa ajili ya wakulima wadogo, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na ya shirika la maendeleo la Waingereza, na wataalamu wengi hawakuamini kwamba mtu mwenye robo eka angeiweza chai, zao la mashamba makubwa. Mwaka 2000 viwanda vilikabidhiwa kuwa mali ya wakulima wenyewe. Malalamiko kuhusu bonasi hayakomi, na niliyasikia kwa kirefu. Lakini mtu hulalamikia bonasi ya kiwanda chake.

Nilirudi barabara kuu nikapanda matatu ya Meru. Saa tisa, baada ya Nkubu, tulivuka ikweta na mvua ikatumwagikia, mvua nzito ya kupiga mabati kama ngoma. Meru mjini niliingia nikiwa nimelowa. Soko la Gakoromone lilikuwa tope tupu na kelele tupu, na sikumbuki soko jingine lililonichangamsha namna ile. Wauza viazi vya Kibirichia, karoti, vitunguu na maharagwe ya rangi saba walikuwa wamevaa magunia ya nailoni kichwani kama kofia za maharusi. "Muga!" mama mmoja akanisalimu, na aliponiona nimebabaika akanifundisha kujibu: "Muga mono." Nilijaribu. Akawaita wenzake waje kusikia. Nikasalimu kibanda hadi kibanda, na nilipofika mwisho nilikuwa nimepewa ndizi tatu, karoti moja na kiti cha kusubiria mvua ikatike.

Hapo kwenye kiti nikasimuliwa habari za TIST. Ni mpango ulioanzia Tanzania mwaka 1999 na kuingia upande huu wa Mlima Kenya mwaka 2004. Wakulima hujiunga vikundi vya watu sita hadi kumi na wawili, wanapanda miti mashambani mwao, miti inahesabiwa, na hewa ya kaboni inayonaswa inauzwa kwa wanunuzi wa mbali. Malipo ni madogo na huchelewa, mama aliniambia waziwazi, ila matunda, kuni na kivuli ni vyake. Kilichonigusa ni desturi yao ya uongozi. Kiongozi hubadilishwa kwa zamu, na baada ya kikao kila mwanachama humwambia kitu kimoja alichofanya vizuri. Wanaiita kujengana. Nimeketi katika semina nyingi zilizojaa maneno ya kigeni kuhusu kuwawezesha watu, na neno bora kuliko yote nilikuja kulipata chini ya turubai linalovuja.

Mvua ilipokata, gari la Maua likashika njia ya mashariki, mlima sasa uko nyuma yetu. Nchiru nilishuka kwa nusu saa. Hapa ndipo penye kitovu cha Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, na hapahapa kimesimama Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopata hati yake 2013. Ekari 641 za chuo hicho zilitolewa na wazee hao wa Njuri Ncheke. Hakukuwa na bendera ya taifa jingine wala picha ya mfadhili. Wazee waliovaa ngozi na kushika fimbo walitazama ardhi yao na kuona kwamba malisho bora ya wajukuu ni darasa. Wanafunzi walikuwa wakitoka maktaba, wakiruka madimbwi, wakicheka. Nikatambua kwamba msaada mkubwa kuliko yote niliyoiona kutwa ile ulikuwa huu, nao ulitoka mlango wa ndani.

Milima ya Nyambene ilipoanza, jua lilikuwa limeteremka na kila jani lilikuwa likidondosha maji. Miraa ilitanda pande zote, miti mizee yenye magamba ya fedha, na vijana wamepanda matawini wakichuma. Zao hili halikuletwa na mfadhili yeyote. Uingereza ilipolipiga marufuku Juni 2014, familia nyingi hapa zilijua kwa mara ya kwanza kwamba karo yao ilitegemea kalamu ya London. Somalia nayo ilifunga soko mwaka 2020 na kulifungua tena 2022. Nililiona pia tatizo la ndani, wavulana wa umri wa shule juu ya matawi, na wanawake niliokutana nao ndio waliolisema kwa ukali zaidi. Penda mahali, lakini usifumbe jicho.

Kwenye kioski cha maji kijijini nilikuta foleni ya madumu ya manjano na mazungumzo yanayoambatana na foleni. Nikasikia jina Mukiri, kwa Kimeru mtu mkimya, anayefanya bila kusema. Ndilo jina Wameru walilompa Bruda Giuseppe Argese, mmisionari wa Consolata kutoka Italia. Tuuru, katika milima hii, palikuwa na makao ya watoto waliopooza kwa polio, na maji hayakuwapo. Fundi huyu akapanda msitu wa Nyambene, akaona ukungu unavyogeuka matone juu ya majani na mizizi, akayakusanya matone hayo na kuyashusha kwa mabomba, kijiji kwa kijiji, hadi nyanda kavu. Hakufanya peke yake. Mitaro ilichimbwa na vijana wa hapa, ambao baadaye wakawa mafundi wa mabomba hayo. Mwenyewe hayupo tena, na maji yanatoka. Nilikinga viganja nikanywa. Yalikuwa baridi, na yana ladha ya majani.

Maua niliifikia giza likiingia. Jina la mji huu humfanya Mswahili atabasamu kabla ya kufika, na taa zake zilikuwa zimechanua kweli juu ya kilima, pamoja na zile za hospitali ya Wamethodisti iliyoanza 1928. Mwenyeji wangu, mama wa makamo, rafiki wa rafiki, alinipokea kwa mikono miwili, akanipa maji ya moto ya kunawa miguu na kikombe cha ucuru, uji wa uwele uliochachuka kidogo, mzito wa kushibisha. Nikajinyoosha karibu na jiko nikitarajia kuambiwa nipumzike. Badala yake aliweka ungo wa maharagwe magotini pangu. "Saidia kuchambua, baba, tuwahi kupika." Binti yake akasogea upande mmoja, shemeji yake upande wa pili, na katika muda mfupi nilikuwa nimejua habari za ukoo mzima. Hawakungoja siku ya tatu.

Nimerudi Mombasa na gorogoro yangu ya ndengu na jibu la baraza letu. Wageni wa misaada walipita Embu na Meru kwa makumi, na kilichosalia ni kile ambacho mwenyeji alitia mkono wake tangu siku ya kwanza: tuta, mfereji, wodi, kiwanda, bomba. Mengine yameota kutu. Basi anayetaka kutusaidia na aje, atakaribishwa kwa chai ya maziwa na nduma ya moto. Lakini viongozi wetu, na sisi wenyewe, tusione haya kumwekea ungo magotini. Na wewe msomaji, ukipata nafasi, panda matatu ya asubuhi kutoka Embu, beba sweta, uende ukayaone haya kwa macho yako.